Biti Mbili Nzuri au Seti ya Vipande 40? Hesabu ya Mwenye Kisu cha Kukunja Kwashemshi

Kabla hujatoa hata shilingi 100, toa kisu mfukoni ukitazame juani, pale ubapa unapozungukia. Ukiona kichwa cha chuma kilichopondwa, laini, bila tundu wala mkato, hiyo ni ribiti. Kisu hicho hakifunguliwi na biti yoyote (ile ncha ya kuchomeka kwenye mpini wa bisibisi), ya bei yoyote. Visu vingi vya kubebeshea miche vimefungwa hivyo, pamoja na vingi vya bei rahisi vinavyouzwa mnadani. Hela yako ibaki nayo. Mbele nitakueleza cha kukifanyia kisu cha aina hiyo.

Ukiona tundu, soma taratibu, maana hapo ndipo hela zinapopotea.

Naandika haya masika yakiwa karibu. Sisi tunaobebesha michungwa tunajua kwamba gome la mche linachubuka vizuri mvua zikishaanza, na siku hizo kisu hakipumziki. Utomvu unaganda kwenye maungio, vumbi linanasa kwenye utomvu, ubapa unaanza kufunguka kwa kukwama. Jirani zetu wa mkonge wana taabu zaidi: maji ya jani la mkonge yana asidi, na yakilala kwenye chuma usiku mmoja, asubuhi unakuta kutu. Anayetaka kusafisha kisu wakati huo anataka leo au kesho. Kwa hiyo hapa chini sihesabu bei ya dukani peke yake, nahesabu na safari, kwa sababu kutoka huku Kwashemshi, wilayani Korogwe, safari mara nyingi ni ghali kuliko biti yenyewe.

Tundu la skrubu ya kisu mara nyingi lina umbo moja kati ya matatu. Kuna msalaba, ambao mafundi wanauita nyota. Kuna pembe sita zilizonyooka, la alenki. Na kuna lile lenye ncha sita za mviringo, kama ua, ambalo ukubwa wake unatajwa kwa herufi T na namba. Mwambie fundi simu "T6" na atakuelewa papo hapo. Hili la ua lilibuniwa na kampuni ya Camcar huko Marekani mwaka 1967, kwa sababu msalaba una tabia ya kuisukuma bisibisi nje ukikaza kwa nguvu. Watengenezaji wa visu wamelipenda. Kisu cha kukunja chenye skrubu mara nyingi kina T6 kwenye klipu na kwenye mashavu ya mpini, kisha T8 au T10 kwenye mhimili, pale ubapa unapozungukia.

Vipimo hivi ni vidogo. Toka ncha hadi ncha, T6 ni kama milimita 1.7, T8 ni 2.3, T10 ni 2.7. Kati ya T7 na T8 tofauti haifiki nusu milimita, na T7 inaingia kwenye tundu la T8 bila ubishi. Inaingia, inacheza kidogo, unadhani ndiyo yenyewe. Ukikaza, inalamba zile ncha sita na skrubu imekwisha.

Mtego wa alenki ni mbaya zaidi, kwa sababu kila fundi pikipiki ana alenki. Alenki ya milimita 2, ukiipima kona hadi kona, ni milimita 2.3, sawasawa na T8. Inakaa vizuri hata ukitikisa kisu. Lakini inagusa kwenye kona tu, ubavu wake haushiki kitu. Skrubu ikiwa imelegea itatoka na utamshukuru fundi. Ikiwa imeganda, alenki itakula tundu, na baada ya hapo hata biti ya gharama kubwa haitashika. Usikubali kisu chako kifunguliwe hivyo, hata bure.

Sasa madukani.

Kilicho karibu kuliko vyote ni bisibisi ya kugeuza, upande mmoja bapa, upande wa pili msalaba. Hii iko katika duka la kawaida, na kwa shilingi 2,000 au 3,000 umeipata. Kwa kisu inafaa tu kama skrubu zako ni za msalaba na ncha inajaza tundu. Mara nyingi ncha ni nene mno, kwa kuwa imetengenezewa soketi za ukutani na bawaba za milango. Ijaribu kwenye kisu chako ukiwa dukani. Ikiwa inagusa juu tu bila kuzama, irudishe mezani.

Halafu kuna seti. Hiki ndicho kinachonunuliwa zaidi, na ndicho kilichonilia hela. Kiboksi cha plastiki, vipande 30 au 40, kimpini kidogo, kisumaku, pengine na kikoleo cha kunyanyulia. Utakiona mjini Korogwe kuanzia stendi hadi Manundu, na kwa kupatana huwa kati ya 5,000 na 10,000. Ukigawa bei kwa vipande, kila kimoja ni kama shilingi 200, na hapo moyo unashawishika. Lakini wewe huhitaji vipande 40. Unahitaji viwili, pengine vitatu. Vilivyobaki umelipia vikae kwenye boksi.

Nilinunua seti ya namna hiyo kwenye duka moja ambalo sitalitaja. T8 yake ilikuwa na rangi ya dhahabu, inapendeza kweli. Niliiweka kwenye mhimili wa kisu changu, nikakaza mara moja, nikahisi inazunguka, nikadhani skrubu imeachia. Kumbe ni ncha ya biti iliyojisokota kama kamba. Nikaichomoa, nikachukua T7 nikidhani itashika zaidi, na hiyo ndiyo iliyomaliza tundu. Kisu kilikuwa kizuri, cha chuma kinachoshika makali wiki nzima ya kubebesha. Nilikipeleka kwa kijana anayetengeneza simu. Akakitazama kwa kioo chake cha kukuza, akaniambia, "Mzee, hapa ni kutoboa tu. Na nikitoboa, mhimili wa kuweka sina." Alisema kweli. Skrubu ndogo za mashavu unaweza kuzipata kwenye mabaki ya kompyuta na simu zilizokufa, lakini mhimili wa kisu una urefu na unene wake, na dukani hauuzwi.

Hesabu ya seti ya bei rahisi ianzie hapo. Biti mbovu ya 200 inaweza kukuharibia kisu cha 30,000.

Rangi ya dhahabu peke yake haithibitishi uimara; kwenye biti za bei rahisi mara nyingi ni rangi tu. Maandishi ya CR-V yana maana kidogo, kwa kuwa ni jina la chuma chenye kromiamu na vanadiamu, kizuri kwa spana na bisibisi kubwa. Kwa ncha nyembamba kama T6 na T8, chuma kinachofaa ni kile kinachoandikwa S2, kigumu zaidi na chenye kuvumilia kupindwa. Tatizo ni kwamba muhuri wa maandishi unaweza kupigwa na yeyote kwenye chuma chochote. Usilipie maandishi. Lipia ulichokijaribu.

Kujaribu hakuhitaji utaalamu. Nenda na kisu chako, kila mara. Zamisha ncha kwenye tundu, kisha geuza kisu chini juu. Biti iliyochongwa sawasawa inashika, inaning'inia hata bila sumaku, au angalau haiyumbi ukiitikisa kwa kidole. Kisha itazame kwa karibu: ncha sita ziwe na kingo kali na zilingane, mwisho wake uwe umekatwa wima. Ukiona kingo zimeviringika kama sabuni iliyotumika, hiyo imemiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi. Muuzaji akikuruhusu, pitisha tupa kidogo ubavuni mwa ncha. Tupa ikiuma kama inauma msumari, chuma ni laini. Ikiteleza na kulia, chuma ni kigumu. Kuna wauzaji watakaokataa jambo hili na wana haki yao, mali ni yao. Basi omba kununua kipande kimoja kwanza.

Hapo tunafika kwenye biti moja moja, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazostahili hela ya mtu mwenye hela kidogo. Biti nzuri ya T8, ya chuma kigumu, naihesabia 2,000 hadi 5,000. Mpini wa kuishikia ni kama 4,000, na ukishakuwa nao hununui tena. Kabla ya kulipa, hakikisha vitako vinaingiliana. Kuna biti zenye kitako cha milimita 4, ambazo ndizo za mafundi simu, na kuna zenye kitako cha robo inchi, yaani milimita 6.35, ambazo ni za drili na bisibisi kubwa. Hazichanganyiki. Nimeona mtu amenunua biti nzuri akafika nyumbani hana pa kuichomeka. Kwa T6 kitako chembamba kinatosha, tena kinakusaidia kwa sababu mpini mdogo haukupi nguvu ya kuharibu. Kwa T10 ya mhimili ulioganda, chukua robo inchi na mpini unaojaza kiganja.

Tazama pia kama ncha ina tundu dogo katikati. Biti yenye tundu imetengenezewa skrubu zenye kijiti ndani, kama zilizopo kwenye baadhi ya plaizi za kukunja. Inaingia kwenye skrubu ya kawaida pia, na kwa sababu hiyo seti nyingi zina za tundu tu. Lakini chuma kilichotobolewa katikati ni dhaifu kuliko kisichotobolewa. Kama kisu chako hakina kijiti, tafuta ncha nzima.

Na hapa kuna gharama ambayo sijawahi kusikia muuzaji akiitaja. Mihimili mingi ina skrubu pande zote mbili. Ukizungusha upande mmoja, mhimili wote unazunguka pamoja nao na hakuna kinachofunguka. Unahitaji biti mbili za namba ileile kwa wakati mmoja, moja inashika, nyingine inafungua. Seti yako ya vipande 40 ina T8 moja tu! Kabla hujaenda dukani, geuza kisu utazame upande wa pili. Kukiwa na tundu huko pia, andika "T8 mbili" kwenye karatasi. Mpini wa pili si lazima; biti ya pili ishike kwa plaizi.

Upatikanaji ndio udhaifu wa biti moja moja. Kwetu Kwashemshi usizitegemee. Korogwe mjini ulizia kwenye maduka ya hadweya na kwa wauzaji wa vipuri vya simu, siku nyingine utapata, siku nyingine utaambiwa nunua boksi zima. Tanga mjini kuna nafasi kubwa zaidi, ila ni kama kilomita 100 kutoka Korogwe, na hakuna mwenye akili anayepanda basi kufuata biti ya 4,000. Kariakoo, Dar es Salaam, zipo za kila aina, nzuri na mbovu kwenye meza moja, na wewe hupo pale kujaribu.

Tuseme umeagiza kutoka Dar es Salaam. Biti mbili kwa 4,000 kila moja ni 8,000. Mpini 4,000. Mzigo kwa basi tuuwekee 3,000. Kutuma hela kwa simu na makato yake, weka 1,000. Basi halifiki mlangoni kwako, kwa hiyo weka nauli ya kwenda Korogwe kuuchukua mzigo na kurudi, tuseme 6,000. Jumla 22,000, na bidhaa yenyewe ni 12,000 tu. Ikija yenye tundu katikati wakati uliagiza nzima, kuirudisha ni gharama nyingine, na risiti nyingi zimeandikwa chini kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Ninavyofanya mimi ni kungojea mtu anayekwenda Tanga au Dar kwa shughuli zake. Nampa karatasi yenye namba, umbo, kitako na idadi: "T8, ncha nzima, kitako milimita 4, mbili." Namwambia kama hakupata hivyo hivyo, arudi na hela. Bila maneno hayo ya mwisho atakuletea chochote ili asionekane hakujali. Na nikiwa na wasiwasi wa namba, namlipa fundi simu anipimie kwanza kwa biti zake. Kwa shilingi 500 au 1,000 unajua namba zako zote, na hiyo ndiyo hela iliyotumika vizuri kuliko zote katika makala hii.

Seti nzuri ya chuma cha S2, yenye boksi la chuma na biti zinazoshikwa na sumaku, ihesabie 25,000 hadi 45,000. Ni nzuri kweli. Nimeitumia ya mtu, na tofauti unaihisi mkononi kabla hata hujakaza. Lakini kwa mwenye kisu kimoja ni hela ya kulaza bure. Inamfaa fundi simu, anayeifanyia kazi kila siku. Inakifaa pia kikundi. Watu sita wa kitalu kimoja wakinunua seti ya 36,000, kila mmoja ametoa 6,000, karibu na bei ya boksi bovu. Sharti boksi likae kwa mtu mmoja anayeaminika, na anayevunja biti ailipe siku hiyohiyo. Bila makubaliano hayo msiingie, maana biti ya T8 ndiyo itakayopotea ya kwanza.

Na kama kisu ni kimoja na kinafunguliwa mara moja kwa mwaka, usinunue chochote. Mpelekee fundi simu. Ana biti, ana mwanga, ana kioo cha kukuza, na kwa 1,000 hadi 3,000 atakifungua na kukifunga ukiwa umekaa hapo hapo. Mwombe akuonyeshe biti kabla hajaanza. Ukiona ncha zimeviringika, mshukuru uende kwa mwingine.

Ana pia kitu ambacho wewe huna nyumbani, kifaa cha umeme cha kuchomelea risasi. Skrubu nyingi za visu zimepakwa gundi ya kuzuia zisilegee. Ukilazimisha gundi hiyo ikiwa baridi, biti au tundu, kimojawapo kitaachia. Ncha ya moto ikigusishwa kwenye kichwa cha skrubu kwa muda, gundi inalainika na skrubu inatoka bila vita. Ile ya bluu ni ya kawaida na mara nyingi inaachia kwa mkono. Nyekundu inataka joto kali, zaidi ya nyuzi 200. Kama mashavu ya mpini ni ya plastiki, joto liende kidogo kidogo, na usiweke kiberiti cha gesi. Moto wake haulengi.

Ukifungua mwenyewe, funga kwanza makali kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kisha kunja kisu. Tandika kitambaa cheupe kwenye sinia, ufanyie kazi humo, maana baadhi ya visu vina vigololi vidogo kuliko punje ya mtama na kimoja kikiangukia mchangani ndiyo umekiaga. Safisha tundu la skrubu kwa sindano kabla ya kuingiza biti. Uchafu ulioganda chini ya tundu unaizuia ncha isizame, na watu wengi wanailaumu biti kwa kosa la uchafu. Kandamiza chini kwa nguvu zaidi ya unavyozungusha. Ikikataa, kaza kidogo kwa upande wa kufunga, kisha rudi kufungua.

Sasa kile kisu cha ribiti, na hata cha skrubu ambacho kinakwama tu bila kuyumba. Hicho hakihitaji kufunguliwa. Weka maji ya moto kwenye bakuli na sabuni ya unga, kizamishe kikiwa wazi, sugua maungio kwa mswaki wa zamani huku ukifungua na kufunga. Utomvu wa mchungwa ukibaki, pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Suuza, kiache juani mpaka maji yaliyojificha ndani yakauke, kisha dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani kwenye mhimili na ufute yanayotoka. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda na kunata yakikaa. Chupa ndogo ya mafuta ya cherehani inauzwa kwa fundi nguo au dukani, na inamaliza misimu miwili.

Kinachoyumba kushoto na kulia, hicho ndicho kinachohitaji skrubu ya mhimili kukazwa, na kukaza tu ni biti moja, robo mzunguko, dakika moja. Fundi simu wa karibu nami hilo halitozi hela kabisa, ukimkuta hana foleni.